Kumjua Mungu: Maimonides, Thomas wa Akwino, Imamu Malik au Hume?

Msibani sentensi moja haikosekani: "Kazi ya Mungu haina makosa." Anaisema shehe, anaisema katekista, anaisema jirani aliyekuja na sufuria ya wali na hajui aseme nini kingine. Hakuna anayemuuliza amejuaje. Lakini ni dai zito. Linasema kwamba katika tukio hili ipo kazi ya Mungu, na kwamba kazi hiyo imekaguliwa ikaonekana haina dosari. Aliyeikagua ni nani, na kwa kipimo gani?

Nimeichukua sentensi hiyo iwe mtihani wa majibu manne ambayo watu wenye akili nzito wameyatoa kwa swali moja: binadamu anaweza kujua lolote kuhusu Mungu alivyo? Sizungumzii kuwapo kwake. Watatu kati ya hawa wanne hawakuwa na shaka kwamba yupo, na wa nne hakusema waziwazi kwamba hayupo. Mvutano wao ni juu ya "alivyo". Kama wewe ni mzazi unayeulizwa na mtoto Mungu ana mikono mingapi, au unafundisha madrasa au katekisimu, au umechoshwa na mihadhara ya viwanjani ambako kila upande unamsema Mungu kama mtu wanayepangisha naye nyumba moja, basi tayari unatumia mojawapo ya majibu haya. Afadhali ujue ni lipi.

Kabla hatujawafikia, kuna kisa ambacho hakikwepeki. Musa aliomba kumwona Mungu. Katika Kutoka 33 anajibiwa: "Huwezi kuniona uso wangu, maana mwanadamu hataniona akaishi," kisha anaruhusiwa kuona nyuma tu, akiwa amefichwa katika ufa wa mwamba. Katika Qurani, sura ya al-A'raf aya ya 143, anaambiwa "hutaniona," na atazame mlima: ukitulia mahali pake, ataona. Mlima unasagika, Musa anaanguka amezimia. Vitabu viwili, jibu moja la hapana, na katika vyote viwili mlango haukufungwa kabisa. Upana wa mlango huo ndio wanaougombania.

Maimonides: jifunze asivyo

Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyeitwa kwa jina lake Musa bin Maimun, alizaliwa Córdoba, Andalusia, katika karne ya 12. Familia yake ilihama kwa sababu ya utawala wa al-Muwahhidun uliowabana Wayahudi, na mwishowe akatulia Fustat, Misri, akawa tabibu wa wakubwa wa dola ya Salahuddin. Alifariki 1204. Kitabu chake cha kuwaongoza waliotatizika alikiandika kwa Kiarabu, kwa herufi za Kiebrania, na kilikamilika karibu mwaka 1190. Sura ya 50 hadi ya 60 za sehemu yake ya kwanza ndizo zenye hoja yetu, na sijaona mahali pengine hoja hii imeshikiliwa kwa ukaidi kiasi hicho.

Anaanza na jambo ambalo Myahudi, Mwislamu na Mkristo wote wanalikiri: Mungu ni mmoja. Maimonides analichukua kwa ukali kuliko wengi. Mmoja maana yake hana sehemu, hana kitu na sifa iliyobandikwa juu yake. Ukisema "Mungu ana elimu" kama unavyosema "Juma ana elimu," umeweka viwili: mwenye elimu na elimu yake. Kwa hiyo kila sifa lazima igeuzwe iwe ukanushi. Mungu yu hai, yaani si mfu. Ana nguvu, yaani hashindwi. Anajua, yaani si mjinga. Zaidi ya hapo unyamaze.

Mtu atauliza: kukanusha tu kutanifikisha wapi? Maimonides anajibu kwa mfano wa merikebu. Mtu wa kwanza anajua tu kwamba kuna kitu kinaitwa merikebu. Wa pili amejua kwamba hicho si madini. Wa tatu, kwamba si mnyama. Wa nne, kwamba si mmea uotao ardhini. Mwingine amejua kwamba si kipande kimoja kilichoungana kwa maumbile, mwingine kwamba si bapa kama mlango, mwingine kwamba si mviringo kama tufe, mwingine kwamba si kitu kilichojaa ndani. Huyu wa mwisho amekaribia kuipata merikebu kama ilivyo, na hakuna aliyemwambia "ndiyo" hata mara moja.

Mfano mzuri, lakini mimi haunitoshi. Merikebu ni kitu kimoja kati ya vitu vya dunia. Ukifuta wanyama, miti na mawe, vinavyobaki vinapungua, na unakaribia. Mungu hayumo kwenye orodha hiyo. Ukifuta vyote, huna uhakika kwamba umesogea hata hatua moja.

Hata hivyo njia hii ina nguvu moja ambayo wengine hawana: inaua majivuno. Maimonides anasimulia kisa cha Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, cha mtu aliyeswali mbele ya Rabi Hanina akirundika sifa: mkuu, shujaa, wa kutisha, mtukufu, mwenye enzi. Rabi akamsubiri amalize, kisha akamuuliza kama amezimaliza sifa zote za Bwana wake. Ni kama mfalme mwenye dinari za dhahabu elfu elfu, akasifiwa kwa kuwa na fedha. Maimonides anaongeza kwamba Rabi hakusema mfalme alisifiwa kwa dhahabu chache. Alisema fedha, kitu cha jinsi nyingine kabisa. Kosa halikuwa uchache wa sifa. Na sisi waswahili tuna neno letu, "Mungu si Athumani," ambalo angelipokea kwa mikono miwili.

Sasa mtihani wa msibani. Hapa nilishangaa, kwa sababu sentensi yetu inafaulu kwa Maimonides kuliko nilivyotarajia. Yeye anaruhusu kuzungumzia matendo ya Mungu, maana Musa alipoomba aonyeshwe njia za Mungu, alionyeshwa matendo. "Mwenye huruma" maana yake ni kwamba anatenda mambo ambayo kwetu hutokana na huruma, kama kumpa mtoto aliye tumboni nguvu zinazomlinda na kumkuza, bila yeye kuguswa na hisia yoyote. Sentensi yetu inataja kazi, kisha inakanusha makosa. Nusu zote mbili ni halali kwake.

Lakini halali hiyo inagharimu. Mama aliyefiwa hataki kuambiwa kwamba kazi haikukosewa na kwamba aliyeifanya hakuguswa. Na usidhani Maimonides angelegeza kamba kwa watu wa kawaida. Ameandika wazi kwamba hata watoto na wasiosoma wafundishwe kuwa Mungu hana mwili, kama wanavyofundishwa kuwa ni mmoja.

Thomas: maneno yanafika, ila hayafiki yote

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Kikatoliki, alizaliwa Italia karibu mwaka 1225. Alimsoma Maimonides kwa Kilatini, akamwita Rabi Moyses, na hakumdharau. Anakubaliana naye kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa kitabu chake kikuu cha teolojia, mara baada ya kuonyesha kwamba Mungu yupo, anasema hatuwezi kujua Mungu ni nini, bali asivyo. Ukimsoma hapo tu utadhani ni mwanafunzi wa Fustat.

Wanaachana kwenye swali la 13, linalohusu majina ya Mungu. Thomas ana hoja mbili, na zote zinauma. Kwanza, kama "Mungu ni mwema" ina maana tu kwamba ndiye chanzo cha wema, kwa nini tusiseme pia "Mungu ni mwili," maana ndiye chanzo cha miili? Pili, watu wanaosema Mungu yu hai hawakusudii tu kwamba yeye si kama jiwe. Wanakusudia zaidi. Hoja hii ya pili naipenda kwa sababu inamheshimu msemaji. Yule jirani mwenye sufuria ya wali hakusudii kukanusha. Anakusudia kwamba upo wema mahali fulani nyuma ya msiba huu, hata kama hauonekani.

Basi maneno yetu yanamfikaje Mungu? Kwa mlinganisho, anasema Thomas, na anachukua mfano wa afya. Tunasema mtu ana afya. Dawa nayo tunaiita ya afya, na tabibu wa zama zake aliyetazama mkojo kwenye chupa aliuita mkojo huo wa afya. Neno ni moja, maana si ileile, wala si tofauti kabisa: dawa inaileta afya, mkojo unaionyesha, mwili ndio wenye nayo. Vivyo hivyo wema. Tunaujua kwa kuuona kwa watu, kama anayejua afya kwa kutazama dalili. Lakini wenyewe uko kwa Mungu kwanza, na kwetu umetoka kwake. Tunachokosa ni namna ulivyo kwake, kwa hiyo kila neno letu linamtaja kweli na linapungukiwa papo hapo.

Kwa Mkatoliki njia hii karibu ni sheria. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulikuwa umekwisha sema kwamba kati ya Muumba na kiumbe hakuna mfanano unaoweza kutajwa bila tofauti kuwa kubwa zaidi. Mwaka 1870, Mtaguso wa kwanza wa Vatikano ukatamka kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa mwanga wa akili, kupitia viumbe. Ukiwa Mkatoliki unaweza kuchagua kati ya wafafanuzi wa Thomas, lakini huna ruhusa ya kusema akili haifiki popote.

Udhaifu wake uliibuliwa na Mkristo mwenzake, Yohane Duns Scotus, aliyefariki 1308. Kama neno "mwema" halina hata chembe moja ya maana iliyo sawa kwetu na kwa Mungu, mlinganisho wote ni utelezi: unaonekana kama maarifa, kumbe ni neno moja lenye maana mbili. Na kama chembe hiyo ipo, basi tuseme ipo. Sijaona jibu la wafuasi wa Thomas linalonyamazisha hoja hii.

Wapo wanaopenda kutaja kwamba tarehe 6 Desemba 1273 Thomas aliacha kuandika, akamwambia msaidizi wake kwamba yote aliyoyaandika yanaonekana kama majani makavu. Wanalitumia kama ushahidi kwamba mwishoni alihamia kwa Maimonides. Sioni hivyo. Mtu anaweza kuiona kazi yake ni ndogo bila kuiona ni ya uongo.

Imamu Malik na majirani zake wa Oman

Mtu alimjia Imamu Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, akamuuliza kuhusu aya isemayo kwamba Mwingi wa Rehema amestawi (kwa Kiarabu istawa) juu ya Arshi, yaani kiti cha enzi: amestawi vipi? Malik aliinamisha kichwa, jasho likamtoka. Kisha akasema kwamba kustawi kunajulikana, namna yake haifikiwi na akili, kuamini ni wajibu, na kuuliza ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Akaamuru mtu huyo atolewe nje.

Ni jibu fupi, na limebeba umma kwa zaidi ya miaka elfu moja. Maneno ya ufunuo yanapokelewa kama yalivyo, mkono, uso, Arshi, na swali la "vipi" linafungwa. Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki karibu mwaka 935 baada ya kuwaacha Mu'tazila, kundi lililotanguliza akili, waliomlea, alilijengea jibu hilo hoja za akili. Mashafii wengi, yaani Sunni wa madhehebu ya Imamu Shafi, wa pwani yetu wamelelewa katika itikadi hiyo. Aliyewahi kukariri sifa 20 kwa mpangilio wa as-Sanusi wa Tlemcen anaujua ulimwengu huu, ingawa pengine hakutambua kwamba tano kati ya hizo zinaitwa *salbiya*, yaani za kukanusha: kutokuwa na mwanzo, kutokuwa na mwisho, kutofanana na viumbe, kutohitaji mwingine na kutokuwa na mshirika. Maimonides angezitia saini zote tano.

Aya inayoibeba njia hii ni ya 11 katika Shura: hakuna chochote mfano wake, naye ni Msikizi, Mwenye kuona. Nusu ya kwanza inakanusha, nusu ya pili inathibitisha, na aliyeisoma anatakiwa azishike zote mbili.

Sasa ingia mjini Unguja katika karne ya 19. Masultani, wenye asili ya Oman, walikuwa Maibadhi, madhehebu ya Kiislamu yaliyo na nguvu Oman, raia wengi Mashafii, na wanazuoni wa pande zote walikutana mjini humo humo. Wote waliisoma aya hiyo. Lakini kuna jambo moja ambalo hawakukubaliana, na ni lile la Musa: je, waumini watamwona Mungu Akhera? Sunni wanasema ndiyo. Wanayo aya ya nyuso zitakazong'ara zikimtazama Mola wao, katika sura ya 75, na hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba mtamwona Mola wenu kama mnavyouona mwezi mpevu. Ibadhi wanasema hapana, si duniani wala Akhera. Kinachoonekana lazima kiwe upande fulani, kiwe na mpaka, na Mungu hana upande wala mpaka. "Macho hayamfikii," inasema sura ya 6 aya ya 103. Nyuso zile, wanafafanua, zinangojea rehema ya Mola. Mkono ni uwezo au neema. Kustawi ni kutawala.

Mabishano haya hayakuishia vitabuni mwa zamani. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alianzisha mtambo wa kuchapa ambao ulitoa vitabu vya Kiibadhi. Na Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1942 na kuteuliwa Mufti wa Oman mwaka 1975, aliandika kitabu kizima ambacho suala la kumwona Mungu ni moja ya nguzo zake tatu.

Kisa cha Musa kinasomwa hivi. Ibadhi anasema: aliambiwa hapana, na mlima ukavunjika ili apate hakika. Sunni anasema: aliwekewa sharti la jambo linalowezekana, maana mlima kutulia kunawezekana, na Nabii hawezi kuomba jambo lisilowezekana asilijue. Mimi naona Ibadhi wamenyooka zaidi kimantiki. Ukianza na "hakuna mfano wake" na ukakataa kurudi nyuma, unaishia walipoishia. Lakini Sunni wanaweza kueleza jambo ambalo mantiki hiyo inaliacha likining'inia: kwa nini Musa, aliyemjua Mungu kuliko wote waliokuwa wakimfuata, alitamani kuona.

Msibani, mfuasi wa Malik ana kazi ndogo kuliko wote. Anasema "sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea," na anaacha hapo. Hajadai kwamba ameikagua kazi. Kwa mtu aliye katikati ya maumivu hili ni jambo kubwa, kwa sababu hapewi maelezo ya kuyatetea. Tatizo linakuja siku ya arobaini, mtoto wa marehemu akiuliza "kwa nini?" na kuambiwa kuuliza ni bidaa. Malik alikuwa akimjibu mtu aliyeuliza Mungu anakaaje juu ya Arshi. Wako watu wanaolitumia jibu lake kumnyamazisha kila anayeuliza chochote, na huko ni kumsingizia.

Hume: hatujui, na tusijifanye

Mwanafalsafa David Hume wa Edinburgh alifariki 1776. Mazungumzo yake juu ya dini ya asili yalichapishwa 1779, alipokuwa kaburini tayari. Ni majibizano ya watu watatu. Cleanthes anaamini dunia inamwonyesha mtengenezaji wake, Demea anaamini Mungu hafikiwi na akili kabisa, na Philo anatilia shaka kila kitu.

Sentensi moja ya Cleanthes ingetosha kuliweka jina la Hume kwenye orodha hii. Anamuuliza Demea: ninyi mnaosema Mungu hafahamiki hata kidogo, mnatofautianaje na wenye shaka na wasioamini, ambao nao wanasema chanzo cha vitu vyote hakijulikani? Hilo ni swali kwa Maimonides, na lingemfaa pia yule anayefunga kila swali kwa jina la Malik. Ukikanusha kila sifa, umebakiwa na jina, na jina peke yake hata mkana Mungu anaweza kukukubalia.

Halafu Philo anamgeukia Cleanthes, kwa merikebu tena. Ukiiona merikebu nzuri na tata, unamdhania fundi wake ni mwerevu ajabu. Kumbe ni fundi mjinga aliyeiga wengine, na ufundi wenyewe umekua kwa vizazi vingi vya kujaribu na kukosea. Nani alikuambia dunia hii si ya hivyo? Nani alikuambia ina fundi mmoja? Aliyesimama karibu na jahazi linaloundwa anaona uzito wa hoja hii. Huwezi kumsoma fundi wa kwanza aliyebuni umbo lile kwa kutazama mbao za huyu wa leo.

Kuhusu wema, Philo anaweka nadharia nne juu ya asili ya ulimwengu: ni njema kabisa, ni mbaya kabisa, ni mchanganyiko unaopingana, au haina habari na wema wala ubaya. Dunia yenye furaha na mateso yaliyochanganyika haitupi sababu ya kuchagua mbili za kwanza, na utaratibu wa sheria zake hauonyeshi ugomvi wa pande mbili. Ya nne ndiyo inayoelekea zaidi.

Kwa hiyo kwa Hume sentensi ya msibani haina msingi. Lakini wengi wanaomfuata hawaoni kwamba kinyume chake nacho hakina msingi. Anayesema "kama Mungu yupo basi ni katili" amejidai kujua alivyo, sawasawa na shehe na katekista. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mwaka 1781, aliliweka jambo hili kwa utaratibu zaidi: akili ikivuka mipaka ya tunayoweza kuyapitia, haithibitishi wala haikanushi. Yeye, katika toleo la pili la kitabu chake, mwaka 1787, alisema amelazimika kuondoa maarifa ili kuipa imani nafasi. Hume hakuona haja ya nafasi hiyo.

Anayekataa wote wanne

Karl Barth, mchungaji na mwanateolojia wa Uswisi, mwaka 1932 aliuita mlinganisho wa akina Thomas ubunifu wa Mpingakristo. Mwaka 1934 alimjibu rafiki yake Emil Brunner kwa kijitabu chenye kichwa cha neno moja: Hapana! Ukitafuta sababu, tazama alikuwa wapi. Alikuwa anafundisha Bonn, Ujerumani, wakati Wakristo waliomuunga mkono Hitler walipokuwa wanasema Mungu anajionyesha pia katika taifa, damu na historia ya Wajerumani. Kwa Barth, ukifungua mlango wa kumjua Mungu kupitia kitu kingine nje ya Kristo, huwezi kuchagua nani aingie. "Aliyeniona mimi amemwona Baba," basi.

Kisiasa alikuwa na haki. Kifalsafa anakwepa swali, maana maneno ya Kristo yenyewe ni ya lugha ya binadamu, na hapo Thomas anakungojea mlangoni.

Kwetu Afrika Mashariki mvutano huu ulikuja kwa sura nyingine. John Mbiti, kasisi Mwanglikana wa Kenya, alikusanya yale ambayo mamia ya makabila ya Afrika yanasema juu ya Mungu na kuonyesha kwamba yalimjua kuwa Muumba, ajuaye yote, aliye kila mahali. Okot p'Bitek wa Uganda akamlaumu yeye na wenzake kwamba wameivalisha miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki ili ikubalike kwa wageni. Ukichagua njia ya Thomas, lawama hii ichukue kwa uzito: yawezekana sifa unayodhani umeisoma katika uumbaji uliisoma shuleni.

Basi uchague ipi?

Nikilazimishwa, nakwenda na Thomas, pamoja na shimo alilolichimba Scotus. Sababu yangu ni ile hoja yake ya pili. Nadharia yoyote kuhusu maneno ya dini ambayo inawaambia waumini kwamba hawamaanishi wanachomaanisha inahitaji ushahidi mwingi kuliko Maimonides anaoutoa.

Lakini si kila mtu yuko mahali pangu. Ukiwa mtu wa mihadhara, aliyezoea kushinda hoja kwa aya na kurudi nyumbani amejaa, soma Maimonides, na ukae naye muda mrefu. Kisa cha Rabi Hanina kitakufaa kuliko kitabu kizima cha majibu kwa wapinzani. Ukiwa unafundisha watoto wadogo, jibu la Malik ndilo linalobebeka: mtoto wa miaka sita anaweza kuelewa "si kama mkono wako, na hatujui ukoje." Afikapo miaka 14 halitamtosha, na ukiling'ang'ania atatafuta majibu kwenye simu, ambako atakutana na Hume aliyechujwa vibaya. Afadhali akutane naye kwako.

Aliyechoka na imani na anataka kuwa mkweli, Hume ni mwenzi mzuri, kwa sharti la kumsoma hadi mwisho na kukubali kwamba anakunyang'anya pia haki ya kumlaani Mungu. Barth simpendekezi kwa mtu aliye peke yake na maswali. Namwekea kanisa ambalo mimbari yake imeanza kumsifu mtawala kama mpakwa mafuta.

Kuchanganya kunawezekana kuliko wafuasi wao wanavyokubali. Thomas amekopa kwa Maimonides kurasa nzima, na sifa 20 za Sanusi tumeona zina robo ya kukanusha. Jambo moja tu halina mseto, nalo ni lile la Musa. Mtu anaweza kusali safu moja na mwenzake wa Ibadhi maisha yake yote, kama walivyofanya watu wengi Unguja, lakini juu ya kumwona Mungu Akhera itabidi aseme ndiyo au hapana. Kabla hajasema, azisome aya tatu pamoja, 6:103, 7:143 na 75:22-23, kwa tafsiri ya Sunni na ufafanuzi wa Ibadhi kando yake, na asianze na ile anayoipenda.